Samaki wa Maswa Waliofika Tabata kwa Treni

Mwaka 2017 ukiingia duka la samaki wa mapambo Kariakoo ulikuta gapi, goldifishi na wale samaki wagomvi wa Asia, kila mmoja kwenye kopo lake. Nilimuuliza muuzaji mmoja kama anaweza kunipatia samaki wa Ziwa Tanganyika. Akadhani nataka migebuka ya kula.

Jambo lile liliniuma, na mpaka leo linaniuma. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Ndani yake mna aina zipatazo 250 za siklidi, ukoo uleule wa sato na perege, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Kuna wafugaji Ujerumani na Marekani wanaowataja samaki hao kwa majina ya mwambao wetu, Ikola, Kipili, Kigoma, kwa sababu kila kipande cha mwambao kina rangi yake. Samaki wa mawe haachi mawe. Akikutana na mchanga mpana anarudi, na hivyo jirani wa ng'ambo ya mchanga anakuwa na sura nyingine kabisa. Mimi, ambaye mama yangu ni mtoto wa Ujiji, nilikuwa nawajua kwa picha tu.

Mjomba ndiye aliyewajua kwa macho na kwa mikono. Alikuwa mpiga mbizi katika kambi ya watu wenye leseni ya kukamata samaki wa mapambo. Walishuka wawili wawili, wakatandaza wavu juu ya mawe, mmoja akafukuza, mwingine akasubiri. Samaki wa kina cha mita kumi hawamleti juu kwa mara moja, maana kibofu chake cha hewa hakina njia ya kujipunguza haraka; wanampandisha kwa hatua, wanampumzisha, wanampandisha tena. Nilipomwomba aniletee kundi alinyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Mjomba, hawa hawakuzaliwa kwenye kioo. Nitakuletea mara moja tu. Tengeneza maji kwanza, mawe ufuate, halafu ndiyo unipigie."

Niliwataka Tropheus duboisi wa Maswa, ile Maswa ya mwambao wa Tanganyika, siyo ya Simiyu. Mtoto wake ni mweusi ti mwenye madoa meupe mwili mzima. Akikua madoa yanafutika, kichwa kinageuka bluu na mwilini panatokea mshipi mpana wa manjano. Wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1959.

Fundi wa vioo wa Gerezani alinikatia kioo cha milimita 12, tangi la urefu wa sentimita 150, upana 60, kimo 50. Hizo ni lita 450, yaani maji peke yake yana kilo 450 kabla hujaweka jiwe hata moja. Meza ya mbao isingethubutu. Fundi wa kuchomelea pale mtaani Tabata alitengeneza stendi ya vyuma, tukaisimamisha sebuleni juu ya sakafu ya zege, mbali na dirisha. Silikoni tulichagua isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa ile ni sumu kwa samaki, na tukaiacha ikauke mpaka harufu ya siki ikaisha.

Maji ndiyo yaliyonichukua muda. Ya ziwani ni magumu, yana bikaboneti na magnesiamu kwa wingi, na pH yake, kile kipimo cha uasidi wa maji, inakaribia 9. Yanayotufikia bombani hutoka Mto Ruvu. Kwangu yalipima 7.2, nayo yana klorini. Jirani mmoja alinishauri kwa nia njema nichote maji ya kisima chake kwa kuwa yana chumvi. Lakini chumvi ya visima vyetu vingi vya Dar ni ileile ya mezani, na ya Tanganyika si hiyo. Nililaza maji ya bomba kwenye mapipa yaliyo wazi, pampu ya hewa ikiyavuruga usiku na mchana mpaka klorini ikatoka. Kisha nikatia magadi soda ya dukani, yaani bikaboneti, pamoja na chumvi ya haluli, ile ile ambayo bibi zetu walitunywesha kusafisha tumbo. Haluli ni magnesiamu. Nilitia kidogo kidogo nikipima, na Mjomba alinisisitizia kwenye simu nisimame kwenye 8.2, nisiifukuzie 9. Sababu yake niliielewa vizuri siku samaki walipofika.

Mawe nilinunua machimbo ya Boko, mawe ya chokaa, ambayo yenyewe husaidia pH isishuke. Yale makubwa yalikaa juu ya kioo cha chini, juu ya kipande cha plastiki, na mchanga ukamwagwa baadaye, kwa maana samaki akichimba chini ya jiwe lililokaa juu ya mchanga linaweza kuanguka na kupasua tangi. Mengine niliyaweka kwenye mabeseni ya maji uani, juani. Duboisi ni mla mwani. Utumbo wake ni mrefu kama wa mnyama wa majani, na akilishwa nyama tumbo linaweza kuvimba na akafa. Nilitaka akifika akute jiwe limeota kijani tayari. Mama alikataa mabeseni hayo mpaka niyafunike kwa chandarua. Dengue ya mwaka 2014 haikuwa imesahaulika nyumbani kwetu, na alikuwa na haki.

Halafu nikangoja. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, wengine wakaigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao hawanunuliwi Kariakoo. Rafiki anayefuga gapi alinipa sponji chafu kutoka kwenye chujio lake, nikaiweka kwenye langu, nikawa nadondoshea amonia kidogo na kupima. Wiki zilipita. Mama alipita sebuleni kila asubuhi akaona taa inawaka, maji yanazunguka, mawe yametulia.

"Baba," aliniambia siku moja, "mwezi mzima unafuga maji?"

Safari ya samaki tulikuwa tumeipanga Juni, wakati wa baridi. Januari na Februari maji ndani ya nyumba za Dar hupanda hadi nyuzi 30, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Ndege ingewafikisha kwa saa chache ila gharama ya mzigo ilitushinda, basi Mjomba akapanda treni ya Reli ya Kati, njia ileile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Alikuwa na boksi jeupe la stairofomu, kibali cha afisa uvuvi mfukoni, kidumu cha mawese na migebuka ya kukausha kwa ajili ya Mama. Samaki hawakuwa wamelishwa tangu siku kadhaa, ili wasichafue maji. Kila mmoja alikuwa kwenye mfuko wake, mifuko miwili miwili, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni. Ukiwaweka pamoja duboisi wakubwa kwenye mfuko mmoja, watauana kabla ya Tabora.

Karibu na Dodoma treni ilisimama usiku kucha kwa sababu ya treni ya mizigo iliyokwama mbele. Mjomba alinipigia. Abiria wenzake walikuwa wanamsihi afungue mifuko, samaki wapate hewa. Alikataa, na nilimuunga mkono kwa moyo wote. Samaki anapopumua ndani ya mfuko uliofungwa, kaboni dayoksaidi inajaa na pH inashuka. Amonia nayo inaongezeka, lakini katika pH ya chini inakaa katika umbo lisilodhuru sana. Ukifungua mfuko kaboni dayoksaidi inatoroka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu kali papo hapo. Mfuko wa safari ndefu unafunguliwa mara moja, mahali ambapo maji safi yanasubiri.

Nilimpokea stesheni jioni, vumbi la Dodoma limemkalia kwenye nyusi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Maji yanasemaje?"

"Amonia hakuna, nitriti hakuna. Pale pale ulipotaka."

Nyumbani Mama alitenga chai, Mjomba hakukaa. Alitaka kwanza mawe. Nilikuwa nimeyaacha nusu kwa makusudi ili ayapange yeye, kwa kuwa mimi niliwahi kuona mwambao ule kwenye picha na yeye ameogelea ndani yake nusu ya maisha. Alivua shati, akazamisha mikono mpaka mabegani. Alijenga marundo mawili yaliyokaribia uso wa maji, akaacha uwazi katikati, na kila pango akalipa mdomo wa mbele na wa nyuma. "Mkubwa akimfukuza mdogo," alisema, "mdogo apate pa kutokea. Asipopata, kesho unamwokota." Alitazama tangi kwa pembeni, akahamisha jiwe moja, akalirudisha.

Mifuko ikaelea juu ya maji ikiwa imefungwa, mpaka joto likalingana. Taa tulizima, tukabaki na mwanga wa korido. Nilikuwa na mpira mwembamba wa kudondoshea maji ya tangi ndani ya ndoo, kama wafugaji wengi wanavyowazoesha samaki wageni kwa saa nzima au mbili, na Mjomba alitikisa kichwa. Kwa samaki waliokaa mfukoni muda ule wote, saa mbili ndani ya amonia iliyoamka ni nyingi mno. Pengo la pH alikuwa amelipunguza mapema kwa kunizuia kwenye 8.2. Alifungua mfuko, akamimina kwenye neti juu ya ndoo, maji machafu yakabaki ndooni, samaki akaingia tangini. Kisha mwingine. Hakuongea. Mimi nilikata fundo, yeye akamimina, Mama akashika tochi. Walikuwa 24, mmoja alikuwa ameshakufa, na Mjomba alimweka kando juu ya jani la mgomba bila kusema neno, uso wake umekunjamana.

Wengine 23 walizama moja kwa moja kwenye mawe. Alfajiri umeme ulikatika, betri ya gari niliyoiandaa ikaendesha pampu ya hewa hadi ulipowaka.

Asubuhi nilileta jiwe la kijani kutoka uani na kulilaza kwenye uwazi. Muda mrefu hakuna aliyetoka. Halafu dume mmoja mwenye mshipi mpana akajitokeza, akalizunguka, akapinda mwili na kulikwangua kwa midomo yake inayotazama chini, harakaharaka, nikaona mstari mweupe ukibaki alipopita. Akafuata wa pili. Baada ya muda jiwe lilikuwa halionekani kwa wingi wa samaki. Mama alivuta kiti. Alisema amekua Ujiji, amekula samaki wa ziwa lile tangu utotoni, na hawa hajawahi kuwaona, kwa sababu nani angemshusha mita kumi chini ya maji? Chai yake ilipoa pale pale.

Mjomba alikuwa anamtazama mwingine, jike aliyejitenga kwenye kona ya juu. "Angalia kidevu." Koo lilikuwa limevimba, na mdomo ulikuwa unatafuna taratibu bila kula. Alikuwa amebeba mayai mdomoni, ameyabeba kutoka ziwani, kwenye mfuko, usiku mzima wa Dodoma, na hakuyatema. Mayai ya duboisi ni machache na makubwa, na mama huyabeba wiki nne hivi. Mjomba alinikataza kumshika, kumhamisha, hata kusafisha kioo cha upande wake.

Aliondoka kwa basi la Ubungo kabla watoto hawajatoka. Nilipompigia kumwambia wametoka, weusi, wamejaa madoa, kila mmoja kama punje ya haragwe, aliuliza swali la kwanza, "Wangapi?"

"Tisa nimewaona."

"Wakubwa wanawagusa?"

"Hapana. Wanakwangua jiwe moja pamoja."

Nikamwambia kuna mwalimu wa baiolojia hapo jirani ameomba na yeye akamatiwe kundi. "Mimi simkamatii," alijibu. "Subiri majike wengine wazae, umpe hao. Asianze na wachache, wataonewa."

Mwaka uliofuata nilimpelekea mwalimu watoto 15 kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na sponji moja chafu, mfuko wa haluli, na jiwe la kijani kutoka kwenye beseni la uani.