Leo uwanjani Mathare

Jioni hii nimetoka Mathare, Nairobi, kutazama vijana wa mtaa wakisakata kabumbu.

Huku mpira una mizizi. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, ilianza 1987, na kwenye ligi zake timu hupata pointi hata kwa kuzoa taka mtaani.

Lakini kilichonigusa leo ni beki mmoja, kijana kiziwi. Filimbi haisikii.

Basi ikilia tu, wenzake wanainua mikono juu, hata wapinzani! Kocha anasema walianza wenyewe.

Alipookoa mpira mstarini, hawakupiga makofi. Walitikisa viganja hewani, naye akacheka mpaka akainama, kashika magoti.

Nimefurahi sana, jamani.

Mtaani kwenu, nani bado anatazama mpira akiwa pembeni? Niambieni.