Migebuka ya Shangazi

Pale kliniki, mjamzito akija na mumewe anahudumiwa kwanza. Hicho tu ndicho kilichonipeleka, Machi 2016. Nilikuwa nawahi mzigo wa dagaa Kibirizi.

Nesi akamtoboa mke wangu kidole, kisha mimi. VVU hamna. Malaria hamna. Kipimo cha tatu kikatoa mistari miwili, kwake na kwangu.

"Baba, hii kaswende."

Nikabisha. Mimi siumwi popote! Akaniuliza kwa sauti ya chini kama niliwahi kutoka kidonda sehemu za siri, kisichouma, kikapona chenyewe. Nikainamia sakafu. Kilinitoka 2013 nikiwa kambi ya wavuvi, miezi michache kabla ya ndoa. Kilipokauka nilimshukuru Mungu, nikaoa.

"Kilichopona ni kidonda," akasema. "Wadudu wamebaki kwenye damu. Kwa mama wanapita kondo la nyuma, wanamfikia mtoto tumboni. Mimba ya kwanza iliendaje?"

Mke wangu ndiye aliyejibu. Ilifika miezi minane, mtoto akazaliwa amekufa. Kliniki alikwenda mara moja, akaambiwa vipimo vimeisha, arudi siku nyingine. Hakurudi. Kitu ambacho hakukisema, labda kwa kunisitiri, ni kwamba baada ya maziko nilisimama mbele ya ukoo wake nikamtaja shangazi yake kuwa ndiye mchawi. Tangu siku hiyo bibi yule hakukanyaga kwetu.

Tukaandikiwa sindano za penisilini wote wawili, moja kila wiki kwa wiki tatu. Dawa yenyewe nyeupe kama maziwa, nzito, inasukumwa polepole, nusu tako la kulia, nusu la kushoto. Siku ile Kibirizi nilikwenda kwa miguu. Ningekalia nini kwenye bodaboda? Mke wangu, mimba ya miezi minne, alitembea mbele yangu bila neno. (Agosti alijifungua binti. Kelele zake sasa nyumba nzima inazijua.)

Baada ya sindano ya tatu nikanunua migebuka minne, nikapanda daladala ya Ujiji.

"Shikamoo, shangazi."

Alikawia. "Marahaba."

"Haukuwa uchawi. Ulikuwa ugonjwa, na niliuleta mimi."

Akamwinua samaki mmoja, akampanua matamvua kwa kidole gumba, akayatazama wekundu wake.

"Wa leo hawa?"

"Wa leo, shangazi."

Akamwita mjukuu alete kisu.