Barua ya kurasa mbili

Usiku wa kuamkia leo nimewasilisha maombi yangu ya shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja nchini Ujerumani, siku nne kabla ya dirisha kufungwa tarehe 15 Julai, na ingawa nilitarajia usingizi mzito baada ya miezi mitano ya kukusanya nyaraka, nimeamka alfajiri nikiwa bado naisoma kichwani ile barua ya kurasa mbili.

Suala la fedha lilinitisha, lakini angalau lilikuwa na namba. Vyuo vikuu vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, isipokuwa katika jimbo la Baden-Württemberg, ambako tangu mwaka 2017 wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula. Hata hivyo, anayeomba viza hutakiwa kuthibitisha kwamba ana fedha za kujikimu kwa mwaka mzima, na wengi huziweka katika akaunti maalumu inayomruhusu mwanafunzi kutoa kiasi kilichopangwa tu kila mwezi. Nilipoanza kuulizia, kiwango kilikuwa euro 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Mjomba aliposikia alinyamaza kitambo, kisha akasema tusubiri kwanza jibu la chuo.

Alama zangu nazo zilikuwa na kanuni yake. Nimehitimu kwa wastani wa 3.8 kati ya 5, na kwa kuwa Wajerumani huhesabu kinyume chetu, 1.0 ikiwa alama ya juu kabisa na 4.0 ya mwisho ya kufaulu, hesabu yao ilinipa 2.2.

Barua ya kueleza nia haikuwa na kanuni yoyote. Nimelelewa Pangani na mama anayeamini kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto wake akijisifia mbele ya wageni, humkata jicho. Sasa watu nisiowajua walinitaka niwaeleze kwa nini nichaguliwe mimi. Rasimu ya kwanza niliijaza maneno niliyoyaokota katika barua za wengine: mchapakazi, mbunifu, mwenye ari. Niliisoma kwa sauti nikaona haya, nikaifuta yote.

Ndipo nikaandika juu ya kisima cha babu. Mto Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, huzuiwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, humwagilia mashamba na kuendesha mitambo ya umeme kabla ya kutufikia sisi tunaoishi mdomoni mwake, na maji yanayotufikia yakipungua, bahari hupanda mtoni. Nilieleza jinsi babu alivyokuwa akichota maji kwa kata, akiyaonja kwa ncha ya ulimi na kuyatema, kisha akiinua macho kuitazama minazi iliyoanza kukauka makuti. Hakuwa na kifaa cha kupimia chumvi zaidi ya ulimi wake. Nikaandika kwamba nataka kujifunza kupima mwendo wa maji ya chumvi chini ya ardhi, ili watu wa kwetu wajue mapema kisima kipi kitafuata. Hapo kalamu haikusita tena, na ninaamini kwamba hiyo ndiyo sababu pekee niliyostahili kuitoa.

Jana jioni nilimpigia mama simu nikamsomea barua yote, nikimtafsiria kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi. Alinisikiliza bila kunikatiza hadi mwisho.

“Minazi haikuwa sita, mwanangu,” alisema. “Ilikuwa minane. Miwili ya ubavuni mwa kisima ilikufa hujaanza hata shule, huwezi kuikumbuka.”

Nilifungua barua, nikafuta sita, nikaandika nane, kisha nikaituma.