Kumzoesha mpiga shabaha mpya teke la bunduki
Kila ninapomfundisha mtu ambaye hajawahi kufyatua bunduki, humwanzishia ile ndogo ya .22 (kipenyo cha mtutu kwa inchi), ambayo risasi yake ina uzito wa takriban gramu 2.6 na teke lake, yaani msukumo wa bunduki kurudi nyuma inapofyatuliwa, halisikiki sana begani. Kumkabidhi mgeni bunduki kubwa ili watu wamcheke ni ukatili tu. Kitako cha bunduki hukaa imara kwenye nyama ya bega, mbali na mtulinga, kwa sababu kikiachiwa nafasi hata ndogo, bunduki hupata kasi kabla ya kumgonga. Mwili huinamia mbele kidogo.

Hata hivyo, tatizo kubwa zaidi ni woga, kwani mpigaji hujikaza na kufumba macho kabla risasi haijatoka, na mtutu huinama. Ili kuubaini, mimi huchanganya risasi bandia na za kweli bila yeye kujua mpangilio wake. Akivuta kifyatulio na mlio usitoke, mtikisiko wa mtutu huonekana waziwazi, hata kwake mwenyewe. Vizibo vya masikio navyo husaidia kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa mara nyingi kinachotisha ni mshindo. Bega likianza kuuma, tunaacha, hata kama risasi zimebaki.