Postfix imeshinda

Leo hapa Kirumba, Mwanza, tumeamua: seva ya barua pepe ya ushirika wa wauza dagaa wa Mwaloni itatumia Postfix (programu ya kutuma na kupokea barua) na Dovecot (ya kuwawezesha watumiaji kusoma barua zao), juu ya mfumo endeshi wa Debian.

Exim, programu nyingine ya kazi ileile ya Postfix, nayo ni nzuri, ila mipangilio yake ingemchosha kijana atakayeisimamia.

Postfix, kazi ya Wietse Venema, imegawanywa katika programu ndogondogo, kila moja na jukumu lake. Usalama unaotokana na mgawanyo huo nimeupenda mno.

Jioni tukatuma barua ya majaribio. Logi (kumbukumbu za seva) ikaandika: status=sent, yaani imetumwa.

Mama mwenyekiti akaisoma anwani yenye jina la ushirika wao kwa sauti, herufi kwa herufi. Akairudia tena.

Jamani, nimefurahi!

Bado kuweka SPF na DKIM, njia za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwetu kweli, tusije tukaishia kwenye spamu.

Kuchuja barua taka mnatumia programu gani, Rspamd au SpamAssassin? Niambieni hapa chini.