Boga la Mbuyuni na bakuli la mwanangu

Leo Soko la Mbuyuni lilijaa maboga mazuri, yale ambayo ukiyapasua nyama yake ni rangi ya chungwa iliyokolea mpaka karibu na ganda. Nilichukua kipande, fungu dogo la karoti, viazi mviringo na njegere mbichi zilizokwisha kumenywa. Mama anayeuza alimwona binti yangu mgongoni akauliza, "Ameshaanza kula huyo?" Nikamwambia ameanza. Akaniongezea kipande kingine cha boga, akasema, "Basi mpondee vizuri, mama. Usimnyweshe maji ya mboga ukadhani amekula."

Nimerudi nyumbani nikiyawaza maneno hayo, maana ndiyo shida niionayo kwa watoto wengi mtaani kwetu. Mtoto analishwa mara kwa mara, kikombe kinaisha, tumbo linajaa, lakini kilichomo kwenye kikombe ni maji yenye rangi ya chakula. Tumbo la mtoto wa umri huu ni dogo sana, kwa hiyo kila kijiko kinachoingia kiwe na kitu ndani yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa iliyokuwa na hali mbaya zaidi ni pamoja na Iringa, Njombe na Rukwa, ambako chakula kinalimwa kwa wingi. Takwimu hiyo huniuma kila nikiikumbuka. Gunia la mahindi linaweza kusimama ukumbini na mtoto asipate anachohitaji.

Kliniki walitufundisha vizuri, na Shirika la Afya Duniani linasema hivyo hivyo: maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6 itimie, kisha chakula kianze huku kunyonya kukiendelea mpaka miaka 2 na zaidi. Wengi huuliza kwa nini miezi 6. Sababu mojawapo ni madini ya chuma. Mtoto huzaliwa na akiba yake mwilini, na kufikia umri huo akiba hiyo inakuwa imepungua, wakati maziwa ya mama yana chuma kidogo tu. Ndiyo maana boga na karoti peke yake, pamoja na uzuri wake wote, havitoshi. Vinampa vitamini A, lakini damu yake inahitaji pia maini, nyama, samaki, yai au maharage.

Mimi napika hivi. Boga, karoti na kiazi nakata vipande vidogo vinavyolingana ili viive pamoja. Karoti hutangulia kwa sababu ni ngumu. Maji naweka kidogo tu chini ya sufuria, nafunika, moto mdogo, mvuke ufanye kazi. Ukijaza maji halafu ukayamwaga, umemwaga na vitamini C, kwa sababu hiyo huyeyuka majini. Maji machache yanayobaki ndiyo nayatumia kulainishia. Njegere nachemsha pembeni mpaka zilainike kabisa, kisha nazisugua kwenye chujio ili maganda yabaki juu. Blenda sina habari nayo. Uma unatosha, na kwa mtoto anayeanza unaweza kupitisha mboga zote kwenye chujio. Tena blenda humshawishi mtu kuongeza maji ili izunguke, tukarudi kule kule kwenye uji mwepesi.

Ini la kuku nalichemsha mpaka liive hadi ndani, nalikwangua kwa kisu, nachanganya kiasi kidogo. Siku ambayo hakuna ini, naponda maharage yaliyoiva sana na kuyachuja, au naweka yai lililoiva kabisa. Mwisho kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti, kwa sababu vitamini A ya boga na karoti huingia mwilini vizuri ikiwa na mafuta, na mafuta yenyewe humwongezea nguvu bila kumjaza tumbo. Kisha nachota na kuinamisha kijiko. Chakula kikitiririka kama mchuzi, bado. Kikishikilia kijikoni na kuanguka polepole, hicho ndicho.

Jioni mama mkwe alifika kutoka Kibosho. Baada ya shikamoo akaja moja kwa moja jikoni, akaonja. "Mwanangu, mbona umesahau chumvi?" Nikamweleza kwamba mama, hii ni ya mtoto, figo zake bado changa, na yeye hajui ladha ya chumvi hata aikose. Alitafakari kidogo, akasema zamani walimlambisha mtoto hata asali. Hilo nalo tukaliongea kwa utulivu: asali asipewe kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu kwenye utumbo wa mtoto mchanga. Nampenda mama huyu kwa kuwa husikiliza. Na kwa kweli, aliyoyajua tangu zamani ni mengi kuliko yangu. Mtori wa Wachaga, ndizi zilizopondwa pamoja na nyama kwa mwiko mpaka zikawa laini, ndio chakula kizito chenye chuma ninachokitafuta. Alinipokonya uma na kuonyesha namna ya kuponda kwa kukandamiza kwenye ukingo wa sufuria, si katikati, na madonge yakaisha upesi.

Mtoto alikula vijiko vichache kwa hamu, kisha akageuza uso. Tukaacha. Kumshika kichwa na kumsukumia kijiko mimi siwezi, moyo unakataa, na sioni faida yake. Akigeuka amesema ameshiba. Mchicha wiki iliyopita aliutema, nitamrudishia kidogo kidogo kwa siku nyingi, maana ulimi wa mtoto huzoea kwa kukutana na ladha ile ile tena na tena. Kilichobaki bakulini na kuguswa na kijiko chake sikuhifadhi, mate yakishaingia chakula huharibika haraka. Ndiyo maana napika kidogo.

Akikaribia miezi 8 nitaanza kuponda kwa uzembe wa makusudi, vipande laini vibaki ili ajifunze kutafuna kwa fizi, na karoti iliyoiva sana aishike mwenyewe. Karoti mbichi na karanga nzima hapana, zinampalia. Kwa sasa mama mkwe ameleta mkungu wa ndizi mshare, na kesho tunapika mtori wa nyumba nzima. Tumeshakubaliana: nyama inachemshwa bila chumvi, ndizi zinapondwa, bakuli la mtoto linatolewa kwanza na kulainishwa zaidi, halafu mama atatia chumvi ya wakubwa kadiri apendavyo.