Jioni ndiyo inayotuagizisha chakula

Kinachotupeleka kwenye chakula cha kuagiza mara nyingi ni uchovu wa jioni, wala si utamu wake. Basi pika kwa wingi mara 2 kwa wiki: maharage, kuku, wali. Wali ndio wenye hila. Ukiachwa sufuriani usiku kucha, bakteria walionusurika kuchemshwa huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya dakika 60, uliwe kesho yake. Maharage hukaa siku 3 hadi 4. Ya ziada yagandishe kwa kipimo cha mlo mmoja. Bonge la kilo 2 lililoganda halimfai mtu mwenye njaa. Na ukiagiza, omba mchuzi kando.